Kufufua Land Rover Iliyoliwa na Kutu: Anzia Chini, Rangi Iwe ya Mwisho

Land Rover ya zamani humdanganya mtu anayeitazama juu juu. Rangi imepauka, digadi moja imebonyea, turubai limechanika, lakini kutu haionekani, na mnunuzi anajiambia kwamba gari ni zima, linataka rangi na matairi tu. Kutu haionekani kwa sababu sehemu kubwa ya bodi hiyo si chuma. Gari hili lilipoonyeshwa hadharani kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam, tarehe 30 Aprili 1948, Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma kilitolewa kwa mgao, na kampuni ya Rover ikaamua kulivisha gari lake aloi ya alumini. Alumini haishiki kutu nyekundu. Chini yake, hata hivyo, kuna chasisi ya chuma, ukuta wa chuma unaotenganisha injini na abiria, na fremu za chuma ndani ya milango. Huko ndiko gari linakoozea.

Maelezo haya ni kwa mwenye gari la aina hiyo uani kwake: Series II, IIA au III, zile zenye springi za mabamba, zilizotengenezwa kati ya mwaka 1958 na 1985, fupi ya inchi 88 au ndefu ya inchi 109 kutoka ekseli hadi ekseli. Zilihudumia hifadhi za wanyama, misheni, mashamba ya mkonge, ofisi za wilaya na polisi, na nyingine ziliunganishwa hapa hapa Afrika Mashariki, katika kiwanda cha Thika. Nyingi bado zinabeba magunia na watu kwenye njia ambazo gari dogo halithubutu, na Arusha iliziandalia tamasha Oktoba 2024. Mwenye Land Cruiser ya zamani atafaidika pia, ila akumbuke kwamba lake ni chuma kutoka chini hadi juu, kwa hiyo maneno kuhusu alumini hayamhusu.

Nina jambo moja la kusisitiza, na mengine yote yanalifuata: fedha na nguvu zako zianzie kwenye chuma kisichoonekana. Magari mengi mno yamepakwa rangi nzuri ya kijani juu ya chasisi inayomeguka kwa mkono. Gari la namna hiyo ni hatari kuliko lililotelekezwa chini ya mwembe, kwa sababu la chini ya mwembe haliendi barabarani na watu tisa nyuma.

Kutu inavyofanya kazi

Kutu inataka chuma, maji na hewa, na chumvi huiharakisha. Ndiyo maana gari lililoishi Tanga, Mombasa au Unguja huwezi kulikagua kwa imani ile ile unayolipa gari la Dodoma. Chasisi ya Land Rover imeundwa kwa mabamba manne marefu ya chuma, unene wa takriban milimita 2, yaliyochomelewa kingo kwa kingo hadi kupata boksi lenye uwazi ndani. Boksi hilo lina matundu ya kutolea maji. Tope huingia humo, likaziba matundu, likakaa na unyevu wake miezi na miezi. Kwa hiyo chasisi huoza kutoka ndani kwenda nje. Siku unapoona tundu kwa nje, ujue eneo lililoliwa kwa ndani ni kubwa kuliko tundu lenyewe. Tena kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa, ndiyo sababu mabamba mawili yaliyobanana huachana yenyewe, na majani ya springi hushikana hadi springi ikaacha kunesa.

Kuna uharibifu wa pili ambao watu wa bara husahau. Alumini ikigusana na chuma mahali penye unyevu, hasa wenye chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Utaona unga mweupe kwenye ribiti, kwenye kingo za milango, na pale sakafu inapokaa juu ya chasisi. Rangi ikianza kufanya malengelenge kwenye mistari hiyo, chini yake kuna unga huo.

Ukaguzi, kabla fedha hazijatoka mfukoni

Beba nyundo ndogo, bisibisi kuukuu, tochi na nguo za kulala chini. Osha upande wa chini wa gari kwanza, kwa sababu tope huficha kila kitu. Kisha gonga chasisi taratibu kila baada ya sentimita chache, pande zote nne za boksi, pamoja na upande wa juu unaofikika kwa kupenyeza mkono. Chuma kizima hulia na nyundo hurudi mkononi. Kilichooza hutoa sauti iliyokufa. Ukiisikia sauti hiyo, chokoa kwa bisibisi bila huruma. Muuzaji akikuzuia kuchokoa, funga mazungumzo.

Anzia boriti ya nyuma, ile inayobeba ndoano ya kuvutia, maana tope la magurudumu ya nyuma huishia hapo. Fuatia mikono ya pembeni inayotoka kwenye chasisi kubeba ukuta wa injini na tangi la mafuta. Angalia masikio yanayoshika springi, na ncha mbili za mbele ambapo springi za mbele zimefungwa. Hapo ukikuta chuma laini, usikubali gari liendeshwe hata hadi kwako, lipandishe kwenye lori. Ingia ndani ya kibanda, nyanyua mazulia: sakafu ya miguu ya ukuta wa injini huoza pembeni, nguzo za milango huoza kwenye miguu yake, na pembe za juu karibu na kioo cha mbele hupasuka. Shika mlango ukiwa wazi, unyanyue. Ukicheza, aidha bawaba zimekwisha au nguzo yenyewe imelegea, na hilo la pili ni kazi kubwa.

Boriti ya nyuma na mikono ya pembeni ni vitu vya kubadilishwa. Fundi mzuri wa kuchomelea huvitengeneza kwa bamba jipya, na mtu asiogope gari kwa sababu hiyo. Ushauri wangu hugeuka pale chasisi inapokuwa imeoza kwenye masikio ya springi pande zote mbili, au kwenye mihimili mirefu yenyewe katikati ya magurudumu. Hapo kiraka kinazaa kiraka. Afadhali utafute chasisi nyingine nzima. Uingereza yapo makampuni yanayounda chasisi mpya za magari haya na kuzichovya kwenye zinki, lakini kusafirisha ni gharama. Hapa kwetu njia ya kawaida ni kupata gari la pili lililoungua, lililogongwa au lililokufa injini, lakini lenye chasisi nzima.

Kagua pia karatasi. Namba ya chasisi haiko kwenye kibati cha ndani peke yake. Kwa Series II na III imegongwa pia kwenye chuma cha mbele kulia, karibu na sikio la springi. Safisha hapo kwa brashi ya waya, usome, ulinganishe na kadi ya gari herufi kwa herufi. Sehemu hiyo ndiyo mojawapo ya zinazooza, na fundi asiyejua hukata namba na kuitupa pamoja na chuma kibovu. Ukiikuta iko, ipige picha. Ukilazimika kukata hapo au kubadilisha chasisi nzima, wasiliana kwanza na mamlaka ya usajili, TRA kwa Tanzania au NTSA kwa Kenya, usije ukamaliza gari zuri lisiloweza kupata kibali cha kutembea.

Mahali pa kazi na uhai wako

Uani panatosha, mradi kuna kivuli na sakafu ngumu iliyo sawa. Jeki ikisimama kwenye udongo huzama upande mmoja. Kama huna sakafu ya saruji, weka ubao mnene na mpana chini ya kila jeki na kila stendi. Stendi ziwe za chuma, nne, za kununua au za kuchomelewa na fundi unayemwamini kwa bomba nene. Tofali hupasuka ghafla bila kutoa ishara, na jiwe huteleza. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa kuchungulia tu. Vijana wamekufa hivyo kwenye gereji zetu, wengi wao wakiwa wanafungua kitu cha dakika moja.

Tangi la mafuta litoke kwenye gari kabla cheche ya kwanza haijaruka. Tangi tupu la petroli ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu mvuke uliobaki ndio unaolipuka. Usikubali fundi alichomelee kwa madai kwamba amelisuuza kwa maji na sabuni. Tangi lililotoboka linunuliwe jingine. Ondoa betri, fungua waya za jenereta, weka karibu ndoo ya maji na ndoo ya mchanga. Vimiminika vingine vya kusafishia breki vina klorini, na vikipata joto la kuchomelea hutoa gesi yenye sumu kali iitwayo fosijini, kwa hiyo chuma kilichosafishwa navyo kikauke kabisa kabla ya moto, au tumia sabuni na maji tangu mwanzo.

Rangi za miaka hiyo zinaweza kuwa na madini ya risasi, na breki na klachi za zamani zinaweza kuwa na asbesto. Hayo mawili hayaonekani wala kunukia. Rangi ya zamani ipigwe msasa ikiwa imelowa, na vumbi la breki lisipulizwe kwa hewa ya kompresa wala kwa mdomo. Limwagie maji yenye sabuni, lifute kwa kitambaa, kitambaa ukitupe kikiwa bado kimelowa. Watoto na kuku wakae mbali na eneo hilo.

Kufungua bila kuvunja

Land Rover za Series hutumia nati za inchi. Hili dogo limeharibu magari mengi. Nati ya nusu inchi ina upana wa milimita 12.7, na spana ya 13 huikaa ikiwa na nafasi. Kwa nati mpya utapona. Kwa nati yenye kutu ya miaka 40, pembe zitalika na utabaki na kitu cha mviringo kisichoshikika. Nunua au azima seti ya inchi: 7/16, nusu, 9/16, 5/8, 11/16 na 3/4 zitafanya sehemu kubwa ya kazi.

Siku chache kabla, safisha nyuzi za boliti kwa brashi ya waya, kisha zilowanishe kwa mafuta mepesi ya kupenya, asubuhi na jioni. Ukianza, kaza kidogo kwanza mpaka usikie imeachia, ndipo ulegeze. Ikigoma, ipashe moto nati, siyo boliti, iache ipoe kidogo, jaribu tena. Ikigoma bado, kata kwa grinda na uweke mpya. Boliti ni rahisi kuliko kidole. Karibu na alumini usitumie moto mkali, kwa sababu alumini haibadiliki rangi kuwa nyekundu kabla ya kuyeyuka. Unaitazama iko vile vile, kisha inadondoka.

Usilibomoe gari lote kwa wiki moja. Nasema hili kwa uchungu, maana nyua zetu zina Land Rover zilizogeuka rundo la vyuma kwa sababu mwenyewe alifungua kila kitu kwa hamu, fedha zikaisha, kumbukumbu ikapotea, na hatimaye mnunuzi wa chakavu akaja na mizani. Fanya eneo moja, limalize, ndipo uende jingine. Gari libaki kwenye magurudumu yake kadiri inavyowezekana, liweze kusukumwa. Piga picha kila hatua kwa simu. Boliti za kila sehemu ziingie kopo lake, na kopo liandikwe.

Kuondoa kutu

Kwa chasisi na ukuta wa injini hakuna njia ya mkato: nyundo ndogo ya kubandua magamba, kisha grinda yenye brashi ya waya, kisha msasa kwenye pembe. Vaa miwani iliyoziba pembeni, kwa sababu nyuzi za brashi hiyo hukatika na kuruka. Kupuliza mchanga kwa kompresa ni kuzuri zaidi, ila kuwe na mtu mwenye vifaa na kinga kamili ya kupumua, na mchanga wa kawaida usitumike. Vumbi lake huharibu mapafu kwa kudumu. Na kamwe usipulizie mchanga mabati ya alumini, yatajikunja.

Kwa vyuma vidogo, yaani mabano, bawaba, pedali na boliti ngumu kupatikana, kuna njia ninayoipenda kuliko zote kwa sababu haili chuma kizima. Chukua ndoo ya plastiki, ijaze maji, ukoroge magadi ya kufulia, kijiko kimoja kikubwa kwa kila lita 4 hivi. Tumbukiza chuma chako kikining'inia kwa waya, na pembeni vipande vya chuma chakavu visivyogusana nacho. Chaja ya betri ya volti 12: waya hasi kwenye chuma unachosafisha, waya chanya kwenye chakavu. Washa. Povu litapanda, na kesho yake kutu itafutika kwa brashi. Ukigeuza waya, kitaliwa kile ulichotaka kukiokoa. Zima chaja kabla ya kutia mkono. Fanya nje, mbali na moto na sigara, maana povu hilo lina haidrojeni. Chakavu kisiwe chuma kisichoshika kutu kama cha masufuria, kwa kuwa maji yatapata sumu ya kromiamu. Alumini isiingie humo kabisa. Na magadi yasichanganywe na kostiki ya watengeneza sabuni: kostiki huila alumini mbele ya macho yako na kuunguza ngozi.

Penye vishimo vidogo vya kutu visivyofikiwa na brashi, paka dawa ya kugeuza kutu. Nyingi zina asidi ya fosforiki au tanini, ile ile inayopatikana kwenye magome ya miwati kama inayolimwa Njombe. Hukutana na kutu na kuigeuza kuwa tabaka jeusi gumu. Ni msaada kwa kutu nyembamba. Magamba manene yakipakwa dawa hiyo yatabanduka nayo.

Kuchomelea

Kama hujawahi kuchomelea, chasisi si mahali pa kujifunzia. Mlete fundi uani, au lipeleke gari kwake, lakini simama naye ukijua unachotaka, kwa sababu tofauti kati ya kazi ya kweli na kiini macho iko katika maamuzi machache.

Chuma kibovu kikatwe mpaka kifikiwe chuma kinacholia. Kiraka juu ya kutu hushika kwenye kutu, na kutu haishiki popote. Bamba la kiraka liwe la unene wa milimita 2 au 3. Bati la kuezekea si la kazi hii, na zinki yake ikichomwa hutoa moshi unaomletea mtu homa kali usiku ule. Kabla ya kukata mkono wowote wa pembeni au boriti, pima chasisi kwa utepe kwa mshazari, kona hadi kona, mara mbili. Vipimo vikilingana, andika ukutani. Chomelea chuma cha muda kushikilia mahali panapokatwa. Badilisha mkono mmoja kwanza, umalize, ndipo ukate wa pili, la sivyo ukuta wa injini utashuka na milango haitafungika tena maishani.

Mashine ya vijiti, ambayo ndiyo iliyoenea kwetu, inafaa kwa chasisi ikiwa kijiti ni chembamba, milimita 2.5, na umeme umepunguzwa. Fundi aweke nukta hapa, nukta kule, akirudi kujaza kidogo kidogo, ili joto lisipinde bamba. Kiraka kizungukwe chote. Nukta nukta zilizozibwa kwa puti ni udanganyifu, na ukiona puti ikikaribia chasisi, simamisha kazi. Matundu ya asili ya kutolea maji yabaki wazi. Funika kioo cha mbele kwa blanketi lililolowa, cheche za grinda huganda kwenye kioo na haziondoki.

Bodi ya alumini

Hapa pana raha. Mabati mengi ya Land Rover yamefungwa kwa boliti, hivyo digadi iliyopondeka unaweza kuitoa na kuinyoosha mezani. Alumini iliyopigwa huwa ngumu na ikipigwa tena hupasuka, kwa hiyo mafundi wa zamani hulainisha kwanza: chukua mche wa sabuni, paka alumini sehemu iliyobonyea, pasha moto taratibu kwa upande wa pili ukisogeza moto bila kutulia. Sabuni ikigeuka nyeusi, acha mara moja. Ikipoa, alumini italainika, na nyundo ya mbao au ya mpira juu ya mfuko wa mchanga itaifanya itii. Brashi ya waya iliyotumika kwenye chuma usiitumie hapa, kwani huacha chembe za chuma zitakazoanzisha uharibifu upya.

Unapofunga tena, kila alumini inapokutana na chuma, pande zote mbili ziwe zimepakwa rangi na katikati uweke gundi ya kuzibia au washa za plastiki. Ribiti ziwe za alumini. Boliti ziwe zilizopakwa zinki.

Injini, breki na miguu

Injini iliyolala miaka usiiwashe kwa ufunguo moja kwa moja. Toa plagi, au nozeli kama ni dizeli, mimina oili kidogo kwenye kila silinda, iache siku mbili tatu. Kisha izungushe kwa mkono kwa kutumia hendeli, raha nyingine ya magari haya. Ikizunguka laini, badilisha oili na chujio, safisha mfumo wa mafuta, maana petroli ya zamani hugeuka gundi kwenye kabureta, jaza maji kwenye rejeta, ndipo uwashe. Ukichomoa waya za plagi za injini ya petroli ya lita 2.25, mpangilio wa moto ni 1-3-4-2. Kagua oili ya gia boksi, boksi la pili la gia na difu zote mbili. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na sili zibadilishwe.

Kwenye breki usibane senti. Series nyingi za II na IIA zina mfumo mmoja tu wa mafuta ya breki kwa magurudumu yote manne: bomba moja likipasuka, pedali inagusa sakafu na hakuna breki popote. Kwa hiyo mabomba yote ya chuma, mipira yote na silinda zote ziwe mpya au zimefunguliwa na kuwekwa vifaa vipya. Mafuta yawe ya breki, DOT 3 au DOT 4. Oili ya injini huvimbisha mipira ndani ya siku chache, na maji ya sabuni, ambayo wapo wanaoyaongeza njiani, huozesha silinda na huchemka mteremkoni. Kama gari litashuka Sekenke au Kitonga, mstari huu usomwe mara mbili.

Matairi yana umri ulioandikwa. Tafuta tarakimu nne mwishoni mwa maandishi ya DOT: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la zaidi ya miaka 10 liondoke, hata kama kashata zake zinaonekana mpya. Waya za umeme ni chache na ni rahisi kufuatilia. Taa hafifu mara nyingi ni ardhi mbovu, yaani waya unaokutana na chasisi yenye kutu au rangi. Kumbuka tu kwamba magari ya kabla ya mwaka 1967 hivi yaliunganishwa na upande chanya wa betri kwenye bodi. Angalia kabla ya kufunga betri mpya.

Rangi, na baada ya rangi

Chuma kilichosafishwa huanza kushika kutu tena usiku huo huo, hasa Pwani. Kipakwe siku ile ile. Praima yenye zinki ni bora kwa chasisi. Redoksaidi ni rahisi na inapatikana kila duka la vifaa, lakini peke yake hupitisha unyevu, kwa hiyo isiachwe wazi wiki nyingi. Ipate mikono miwili ya rangi ya juu haraka. Alumini inataka praima yake inayoiuma, la sivyo rangi itabanduka kama karatasi mwaka wa kwanza. Lami ya kupaka chini ya gari inafaa juu ya rangi nzima tu. Juu ya kutu hufunga maji ndani na kuficha uozo.

Ndani ya chasisi hupakiki kwa brashi, na hapo ndipo ugonjwa ulipoanzia. Suuza ndani kwa maji ya nguvu mpaka yatoke safi, acha siku kadhaa za jua, kisha pulizia kupitia matundu nta maalumu ya kuzuia kutu au oili mpya iliyoyeyushiwa nta. Desturi ya kupulizia oili chafu naipinga waziwazi. Ina kemikali zinazosababisha saratani, hulainisha bushi za mpira, huingia kwenye breki, na hudondoka kwenye ardhi ile ile tunayochota maji.

Ukishatoka nalo mara ya kwanza, nenda polepole karibu na nyumbani, ujaribu breki mahali tambarare pasipo watu. Baada ya kilomita 100 hivi rudia kukaza boliti za U za springi, nati za magurudumu na boliti za usukani, angalia uvujaji chini ya gari likiwa limelala usiku mzima. Likitembea kwenye mchanga wa bahari, lioshwe chini kwa maji baridi siku hiyo hiyo, si Jumamosi ijayo. Na kila mwaka kabla ya masika, chukua waya, zibua matundu ya chasisi, chukua nyundo ile ndogo, ugonge tena ukianzia boriti ya nyuma.